Mabaraza yangu yanateleza, pespektivu (kuchora umbali na kina) imenishinda

Kalamu_Risasi: Wakuu, nachora kichochoro cha Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa penseli. Kuta zimekaa vizuri, zinabanana hadi mwisho. Ila mabaraza ya nje yameinama, mtu akikaa ataporomoka. Nukta ya kukutania mistari nimeiweka katikati ya karatasi. Tatizo nini?

FundiRula: Ulipokuwa unatazama, ulisimama au ulikaa? Nukta haifuati katikati ya karatasi, inafuata usawa wa jicho lako. Ukisimama, baraza liko chini ya jicho: kingo zake zinapanda kuelekea kwenye nukta, na sehemu ya kukalia unaiona. Roshani ziko juu ya jicho, kingo zake zinashuka. Upana wa baraza, ule upande unaokukabili, unabaki mlalo kabisa. Nadhani huo ndio umeuinamisha.

Bint_Shangani: Chomeka pini kwenye nukta, funga uzi, uvute hadi kila kona ya baraza. Usione ni utoto. Kwenye Karamu ya Mwisho, mchoro wa ukutani wa Leonardo da Vinci kule Milano, tundu la msumari wa kufungia uzi kama huo lipo hadi leo kwenye panja la Yesu.

Kalamu_Risasi: Kweli, ni huo upana! Sasa mbele kichochoro kinapinda kushoto. Ukuta ule nao unaenda nukta ile ile?

FundiRula: Hapana, hauko sambamba na wenzake tena. Una nukta yake, ila kwenye usawa ule ule wa jicho. Kwa sasa ningeishia kabla ya kona, vichochoro vya huko vinapinda ovyo mno.