Ukoo wa Mzee Shija: sukari ya Mama Mkubwa na maneno ya watu

JUMANNE JIONI

Kulwa (Igoma): Shikamooni wakubwa. Leo asubuhi nimempima mama kabla hajala kitu, mashine imesoma 13.8. Wiki jana ilikuwa 9. Namuuliza jana usiku ulikula nini, ananijibu "nimekula kama watu."

Mjomba Masanja (Magu): Marahaba mama. Kama watu ndiyo nini?

Kulwa: Michembe ya viazi vitamu na karanga, mjomba. Sufuria nimeikuta chini ya kitanda 😅

Mama Mdogo Kabula (Kirumba): Chini ya kitanda!! Dada huyu jamani.

Kulwa: Mama mdogo usicheke. Anataka anenepe kabla ya harusi ya Kisesa Jumamosi. Kule msibani kuna mama alimkumbatia, akampapasa bega, akamnong'oneza "pole, vidonge unameza vizuri?" Na sio vya sukari alivyomaanisha. Tangu siku hiyo mama hana raha.

Mjomba Masanja: Mimi niseme ukweli. Huku kwetu mtu akikonda namna ile hakuna anayefikiria sukari. Wanasema amekanyaga miwaya, basi. Hata mimi Pasaka nilishtuka, dada alikuwa mtu wa mwili. Marehemu baba alikuwa akitembea kifua mbele, watoto wake wamenawiri.

Neema (Sengerema): Mjomba shikamoo. Ngoja niwaeleze kidogo. Mama Mkubwa hakukondeshwa na dawa. Alikonda kabla, sukari ilipokuwa juu, mwili ukawa unaimwaga kwenye mkojo. Ndiyo maana alikuwa haishi kuamka usiku na kunywa maji jagi zima. Dawa zikikaa sawa, kilo kadhaa zinarudi zenyewe. Hiyo michembe inarudisha ugonjwa, hairudishi mwili.

Mjomba Masanja: Lakini sukari kwenye chai si ameacha?

Neema: Ameacha vijiko viwili vya chai, halafu ugali mlima, viazi vitamu, na soda akitembelewa. Hiyo yote ikifika tumboni inakuwa sukari. Na asali pia mjomba, najua unataka kuisema.

Mjomba Masanja: Nilitaka kusema mwarobaini. Uchungu unakata utamu. Mzee wetu mmoja hapa alikunywa akapona.

Doto (Leicester): Habari za huko. Mjomba umenichekesha. Hapa ninapofanya kazi wazee wengi ni Wahindi wa Gujarat, na wao wanaapa kwa karela, tunda lao chungu. Maneno ni yale yale, uchungu unakata utamu. Nafikiri yale yale yapo kwa Wahindi wa pale mjini Mwanza. Kuna bibi namhudumia, alikuwa anakunywa juisi yake ya karela kwa kujificha, muuguzi alipogundua hakumgombeza. Alimwambia tu nijulishe unakunywa lini, nisije nikakuongezea dawa bure ukaanguka.

Neema: Hapo sawa kabisa. Shida ni pale mtu anapoacha vidonge kwa sababu ya mwarobaini.

Doto: Kingine. Huku wanatuambia sisi Waafrika na Waasia tusisubiri tunenepe. Ushauri wa nchi ni kwamba tuanze kukaguliwa kuanzia miaka 25, wakati wengine ni 40, na kipimo cha uzito wetu wanakihesabu chini zaidi. Mhindi mwembamba unamwona hana kitambi cha maana, kumbe anayo. Kwa hiyo ule msemo wa nyumbani kwamba mwembamba hawezi kuwa na sukari, tuuache.

Mama Mdogo Kabula: Hapa Mwaloni mambo ni tofauti na ya kaka huko Magu. Wenzangu wa samaki wanajitangaza wenyewe, huyu "mimi presha", yule "mimi sukari", kama wanataja watoto. Imekuwa ugonjwa wa mtu mwenye uwezo. Ukisema una sukari wanajua sangara wako wameuzika 😂

Mjomba Masanja: Huku ukisema una sukari watakuuliza ya kula umeitoa wapi.

Mama Mkubwa Nkwimba: Nimesoma yote.

Kulwa: 😳

Mama Mdogo Kabula: Dada! Shikamoo dada.

Mama Mkubwa Nkwimba: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:07)

Doto: Niko zamu, siwezi kufungua sauti. Kulwa niandikie.

Kulwa: Kwa kifupi: "Marahaba Kabula. Mnajadili sahani yangu kama kikao cha mahari. Nyinyi mnajua namba, hamjui kukaa ugenini. Nikifika Kisesa nikasukuma ugali, mwenye nyumba atasema namdhania mchawi. Nikikataa soda, nimemdharau. Nikila kidogo, watasema nimekuja kuonyesha ninavyougua. Na sindano msinitajie, baba yake Limbu alianza sindano, mwezi haukuisha wakamkata mguu." Halafu anasema vidonge vinamwendesha tumbo, ameanza kumeza kimoja badala ya viwili.

Neema: Mama Mkubwa shikamoo. Nimekusikia. Kwanza vidonge, meza katikati ya chakula, sio tumbo tupu, na usijipunguzie. Wiki ijayo kliniki pale Sekou Toure mwambie daktari, ipo aina inayoyeyuka taratibu, wengi tumbo linatulia. Baba Limbu mguu wake uliharibika kwa kidonda ambacho hakukisikia, mishipa ya fahamu ilishakufa ganzi. Sindano aliletewa amechelewa, ikaonekana ndiyo iliyoleta balaa.

Neema: Na nikuulize, miguu bado inawaka usiku?

Mama Mkubwa Nkwimba: Inawaka. Naloweka kwenye beseni, maji ya moto na chumvi.

Neema: Mama tafadhali acha. Unyayo wako hauwezi kukuambia maji yameunguza. Kulwa, mwangalie kisigino na katikati ya vidole leo hii, ukiona lengelenge piga picha unitumie. Kama lazima aloweke, maji yawe vuguvugu, na wewe ndiye uyajaribu kwa kiwiko.

Kulwa: Nimeangalia. Vidole safi. Kisigino cha kulia kina ufa, haujachimbika sana.

Neema: Mafuta ya mgando kila usiku, ila sio katikati ya vidole. Na asitoke peku, hata kwenda bafuni.

Mama Mdogo Kabula: Sasa la Kisesa niachieni mimi. Dada, tutakaa sinia moja, mimi na wewe na wifi. Kwenye sinia hakuna anayehesabu tonge za mwenzake. Wewe unaanza na sato na mgagani, unatafuna polepole, unaongea sana kama kawaida yako, ugali unamega kidogo kidogo. Ukifika nusu mimi nimeshamaliza upande wako. Soda ikija unaipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaiweka. Watoto wapo.

Doto: Mama mdogo, hiyo sijaiona kwenye karatasi yoyote huku. Mnaijeria mmoja kazini alipewa kijitabu chenye picha za tambi na viazi mbatata. Akauliza na eba, ugali wao wa muhogo, je? Hakuna aliyejua.

Mama Mkubwa Nkwimba: Na yule wa kunipapasa bega?

Mama Mdogo Kabula: Huyo mwambie mwenyewe, tena kwa sauti. "Nina sukari mama, na yako umepima?"

Mama Mkubwa Nkwimba: 😂😂 Nitamwambia. Wabeja Kabula.

Neema: Mimi Jumamosi nitawahi, siku hizi daraja lipo, hakuna kusubiri kivuko. Nakuja na mashine. Mjomba, wewe na Mama Mkubwa ni tumbo moja, na umri umeshasogea. Usinywe chai asubuhi hiyo mpaka nikupime.

Mjomba Masanja: Tutaangalia mama.

Neema: Mjomba, ni tone moja tu la damu.

Neema: Mjomba?

Mjomba Masanja: Mtandao wa Magu unasumbua sana leo.

Kulwa: Mjomba tiki mbili za bluu hizi hapa tunaziona 😂