Kanuni za kompyuta na intaneti ya umma maktabani: ziandikwe vipi ili zifuatwe?

msomaji_kayole anauliza:

Habari zenu wakutubi na mafundi. Maktaba ndogo ya jamii hapa Kayole imepata kompyuta nane za mezani zenye Windows 11, laini ya intaneti ya fiba yenye kasi ya Mbps 10 na printa moja. Milango iko wazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Watumiaji ni wanafunzi, vijana wa kujaza fomu za KUCCPS (nafasi za vyuo) na HELB (mikopo ya wanafunzi), na watu wazima wanaofuata huduma za serikali za eCitizen na za kodi za iTax. Rasimu ya kanuni tuliyo nayo ina vipengele 31, karibu vyote vikianza na "Ni marufuku". Kanuni zipi ni za lazima? Zipi ziachiwe mashine? Na sheria za Kenya zinadai nini kwetu?

mkutubi_eastlands:

Ndugu, vipengele 31 havitasomwa na mtu anayewaza kwamba fomu inafungwa leo usiku. Bakisha saba au nane, kwa herufi kubwa, karatasi moja ukutani na nakala kando ya kila kompyuta. Kila kanuni itaje sababu yake. "Usile hapa" hubishaniwa. "Chai ikimwagika kwenye kibodi, mwenzako atakosa mashine" hueleweka.

Anza na muda, maana ugomvi mwingi hutoka hapo. Weka zamu ya dakika 50, na dakika 10 za kuifuta mashine na kumkaribisha anayefuata. Kwa saa nane na kompyuta nane, una zamu 64 kwa siku. Tenga kompyuta moja ya zamu za dakika 15 kwa anayechapisha tu au kuangalia matokeo, asije akasubiri nyuma ya mtu anayeandika barua ya kazi. Anayejaza fomu yenye tarehe ya mwisho aruhusiwe zamu ya pili mfululizo, na ruhusa hiyo iandikwe kwenye kanuni yenyewe, isitegemee sura ya mhudumu siku hiyo.

Usipige marufuku video. Mwanafunzi wa kidato cha nne anajifunza kemia kwa video. Kanuni iwe: sauti ni ya kwenye visikizi pekee, na weka visikizi vichache vya kuazima mezani.

Kuna mambo mawili ambayo maktaba nyingi hukosea. La kwanza ni kushika kitambulisho cha mtu kama rehani. Acha kabisa, mpe kadi yenye nambari ya kompyuta, airudishe akimaliza. La pili ni lile daftari la wageni lililo wazi mezani, lenye jina, nambari ya simu na nambari ya kitambulisho. Kila anayeandika mstari wake anasoma mistari yote iliyo juu yake, na akitaka anaipiga picha. Andika saa ya kuanza, nambari ya kompyuta na nambari ya kadi ya uanachama, basi. Daftari likae upande wa mhudumu.

Adhabu nazo ziwe kwa ngazi: onyo la mdomo, kisha kutoka kwa siku hiyo, kisha kusimamishwa wiki mbili kwa maandishi, na jina la kamati anayoweza kuilalamikia. Picha za ngono zikifunguliwa mbele ya watu zinaruka ngazi ya kwanza: zamu inaisha papo hapo.

fundi_wa_mtandao:

Naongezea upande wa mashine. Kanuni ambayo mashine inaweza kuitekeleza isimwagwe yote mabegani mwa mhudumu.

Watumiaji wote waingie kwa akaunti ya kawaida, kamwe isiwe ya msimamizi. Kwa njia hiyo hakuna atakayeweka programu kwa ajili ya kila mtu au kubadilisha mipangilio ya mfumo. Juu yake weka programu ya kugandisha diski, kama Deep Freeze: kila mashine inapowashwa upya, inarudi ilivyokuwa asubuhi. Lakini jihadhari na mambo mawili. Kwanza, masasisho ya Windows nayo yanafutwa pamoja na takataka, halafu yanapakuliwa upya kila siku na kula laini yako. Panga usiku mmoja kwa wiki wa kuyeyusha (kuzima ugandishaji kwa muda), kusasisha na kugandisha tena. Pili, stima ikipotea, kazi ya mtu inaondoka nayo. Tenga sehemu ya diski isiyogandishwa, iite "HIFADHI HAPA KWA LEO", na uipangie kufutwa kila jioni. UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, itakupa dakika chache tu. Zinatosha kuhifadhi na kuzima, hazitoshi kumalizia insha.

Kwenye kivinjari, zima uhifadhi wa nenosiri na ujazaji wa fomu wa kiotomatiki. Chrome ina sera ya ForceEphemeralProfiles inayofuta wasifu mtu anapofunga. Firefox ina SanitizeOnShutdown. Usitegemee hali fiche (dirisha la faragha la kivinjari) peke yake. Hiyo huondoa historia na vidakuzi (alama ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari), ila faili zilizopakuliwa zinabaki. Cheti cha PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), cheti cha tabia njema, barua ya kuitwa chuoni: vyote hukaa kwenye folda ya vipakuliwa vikimsubiri mtu wa zamu inayofuata. Hapo ndipo siri nyingi huvuja, wala si kwa wadukuzi. Kagua na printa pia: kama kwenye mipangilio yake kumewekwa alama ya kutunza hati zilizochapishwa, iondoe.

Uchujaji: weka DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake) ya 1.1.1.3 na 1.0.0.3 kwenye rauta, kile kifaa kinachogawa intaneti. Ni ya bure, na huzuia tovuti za ngono na zenye programu hasidi. Peke yake inakwepeka kirahisi, kwa hiyo elekeza maombi yote ya mlango 53 (njia ya kawaida ya maombi ya DNS) kwenye rauta na ufunge mlango 853 (njia ya DNS iliyosimbwa), la sivyo simu zenye DNS ya faragha zitaipita. DNS ya kwenye kivinjari husafiri kwa mlango 443 kama kurasa nyingine zote, kwa hiyo izime kwa sera kwenye zile kompyuta nane. VPN ya kwenye simu (programu inayopitisha mawasiliano yote kwa njia ya siri) bado itapenya. Usiwaahidi wazazi kwamba haiwezekani. Kichujio hiki huona jina la tovuti tu, hakioni kilicho ndani ya ukurasa. Na kichujio chochote huweza kukosea na kufunga ukurasa wa afya ya uzazi au wa saratani ya matiti, kwa hiyo weka karatasi ya kuomba tovuti ifunguliwe, bila mtu kulazimika kueleza ni kwa nini anaitaka.

Laini: video moja ya ubora wa 720p hula takriban Mbps 2.5, kwa hiyo nne tu zinamaliza Mbps zako 10. Tenganisha mitandao miwili kwenye rauta: kompyuta zihakikishiwe Mbps 6, simu za waifai zigawane 4 na kila moja isizidi 1. Usipofanya hivyo, fomu ya HELB itakwama katikati kwa sababu ya simu iliyo nje ya dirisha.

Kila asubuhi tazama nyuma ya mashine. Kifaa kidogo kilichochomekwa kati ya waya wa kibodi na tundu la USB kinaweza kuwa kinarekodi kila herufi inayoandikwa. Programu ya kugandisha haikioni.

wakili_wa_data:

Kwa kifupi upande wa sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 14, inamhusu anayeingia kwenye mfumo bila idhini: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kumwandama mtu mtandaoni, kifungu cha 27, ni hadi shilingi milioni 20 au miaka 10. Picha za ngono za watoto, kifungu cha 24, ni hadi shilingi milioni 20 au miaka 25. Mkikuta hizo, msizinakili wala kumtumia mtu "ushahidi" kwa WhatsApp. Acheni mashine ilivyo, zuieni isiguswe, iteni polisi. Hapa programu ya kugandisha inawageuka, kwani kuwasha mashine upya kunafuta ushahidi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu nyinyi wenyewe. Kusanyeni kinachohitajika tu na msikitunze kupita haja yake. Data ya mtoto, kifungu cha 33, inahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mjue, kifungu cha 43.

msomaji_kayole:

Shukrani sana. Jambo moja limebaki: wazee wasiojua kompyuta humwachia mhudumu simu na nenosiri awajazie. Tukatae?

mkutubi_eastlands:

Msikatae kumsaidia mzee, kataeni kushika siri yake. Mhudumu aketi kando, aonyeshe kwa kidole, mwenye akaunti aandike mwenyewe hata kama itachukua zamu mbili. Msimamo uandikwe hivi: "Mhudumu haandiki nenosiri lako, hapokei nambari ya siri iliyotumwa kwa simu yako, wala hajui PIN yako ya M-Pesa." Kanuni hiyo inamlinda mhudumu pia, pesa zikipotea kesho, hakuna wa kumnyooshea kidole. Asiyeweza kuandika kabisa aje na mtu wake anayemwamini, na mpeni viti viwili.

Kabla hajainuka, mpitishe hatua hizi: atoke kwenye akaunti kwa kubonyeza neno la kutoka, si kufunga dirisha tu, achukue karatasi zake printani, zikiwemo zilizoharibika, achomoe flashi, na kama alifungua WhatsApp kwenye kompyuta, afungue simu yake, aende kwenye vifaa vilivyounganishwa na akiondoe hicho. Kisha mhudumu aiwashe mashine upya mzee akiwa bado amesimama pale, aone mwenyewe imefutika, ila ile sehemu ya "HIFADHI HAPA KWA LEO" inayofutwa jioni.