Wahariri wa hadithi, nani kawaambia kila mzuka lazima utishe?

Wakuu salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo naweka uzi. Mods, tafadhali msiuunganishe na ule wa filamu za kutisha, haya ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko hasa kunakonikera.

Kuna mkusanyiko wa hadithi fupi, sitautaja, nikapeleka hadithi yangu. Nyumba ya familia, bibi kafariki, lakini kila alfajiri yuko jikoni kwenye mbuzi anakuna nazi. Wajukuu wanajua, wakwe wanajua. Kinachowaudhi ni kwamba anaacha machicha yamezagaa sakafuni na hakuna wa kumsema, maana mkubwa ni mkubwa hata akifa. Hadithi yenyewe ni ugomvi wa kuuza ile nyumba. Jibu la mhariri: "Wazo zuri, ila mzuka hautishi. Mbona hakuna anayekimbia? Ongeza giza, ongeza radi, mlango ulie wenyewe."

Radi! Saa kumi na moja alfajiri watu wanasubiri chai na vitumbua, mimi niwaletee radi.

Kukataliwa si tatizo, ndiyo kazi yenyewe. Tatizo ni mtu anayelipwa kusoma hadithi za watu huku ana kipimo kimoja tu cha nyumba yenye mizuka, na kipimo chenyewe ni cha kigothi, yaani hadithi za majumba ya giza zinazolenga kutisha. Uhalisia mazingaombwe, ambako maajabu ni sehemu ya maisha ya kila siku na hakuna anayeshangaa, anausoma kama kigothi kilichoshindwa kutisha. Na hayuko peke yake. Humu humu nimeona mtu anaiponda The House of the Spirits ya Isabel Allende eti "mizuka mingi, uoga sifuri". Hebu tulieni.

Kigothi kina heshima yake. Mwaka 1764 Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto, na mwanzoni kabisa kofia kubwa mno ya chuma inamponda kijana siku ya harusi yake. Dunia ilikuwa na utaratibu, kitu kikauvunja, watu wakapiga mayowe. Kanuni ndiyo hiyo. Ann Radcliffe, kwenye The Mysteries of Udolpho, 1794, akaonyesha kwamba huhitaji hata mzuka: Emily anafunua pazia jeusi ngomeni Udolpho, anazimia, na wewe msomaji unabebeshwa hofu hiyo kurasa na kurasa mpaka unakuja kuambiwa kilichokuwa nyuma ya pazia ni sanamu ya nta. (Mimi nilikasirika. Lakini nilikuwa nimeogopa kweli, kwa hiyo alinipata.) Edgar Allan Poe, 1839, nyumba ya Usher ina ufa kuanzia paani hadi chini kwenye maji, na ukoo ukiisha nyumba nayo inaporomoka.

Na malkia wao kwangu ni Shirley Jackson. The Haunting of Hill House, 1959. Milango inajifunga yenyewe, na mtafiti anayeichunguza, Dakta Montague, ana maelezo: nyumba imejengwa kwa pembe zisizo sawa, kila kitu kimeinama kidogo. Unakaribia kukubali. Halafu usiku mmoja Eleanor, mmoja wa wageni wake, yuko gizani, kaushika mkono wa mwenzake kwa nguvu zote, taa inawaka, mwenzake yuko kitanda kingine kule. Basi mkono ule ulikuwa wa nani? Hilo swali ndilo nguzo ya kigothi: ni nyumba, au ni kichwa changu?

Sasa njoo upande wa pili, kwa García Márquez, One Hundred Years of Solitude, 1967. José Arcadio Buendía kamuua Prudencio Aguilar kwa mkuki wa koo baada ya kutukanwa kwenye mapambano ya majogoo. Usiku mkewe Úrsula anatoka kunywa maji, anamkuta marehemu pale kwenye mtungi, kapauka, anahangaika kuziba tundu la koo kwa kizibo cha nyasi. Mwandishi anasema waziwazi kwamba Úrsula hakuogopa, alimwonea huruma. Mume anabisha kwanza, anasema ni dhamiri tu inawasumbua. Kuna usiku mwingine Úrsula anamkuta anafunua vifuniko vya sufuria jikoni. Anaelewa: anatafuta maji. Kuanzia hapo anaweka mabakuli ya maji kila pembe ya nyumba. Mwishowe wanahama ili marehemu apumzike, na safari hiyo ndiyo inayozaa Macondo, mji wa riwaya yote. Mji mzima umeanzishwa kwa kumwonea huruma mfu, halafu mtu anauliza mbona hakuna anayekimbia!

Njia yangu ya kupima ni nyepesi: sikiliza neno la kwanza linalotoka mdomoni baada ya mzuka kuonekana. Kama ni "nani yuko hapo?" au "umesikia?", uko kwenye kigothi. Kama ni "anataka nini?", umeshahama mtaa.

Kwa Allende, Férula aliyefukuzwa na kaka yake miaka iliyopita anaingia chumba cha kulia chakula, anamwendea wifi yake Clara, anambusu kwenye paji la uso, anaondoka. Clara anasema Férula amefariki. Hakuna mjadala. Wanaenda kumtafuta, wanamkuta amekufa kwenye chumba cha kimaskini, na Clara anamwosha na kumvika kwa mikono yake. Uoga sifuri, sawa. Lakini uoga wa kitabu kile umehamishwa, haujapotea. Fika kurasa za mwisho, baada ya mapinduzi. Alba yuko mikononi mwa wanajeshi, kafungiwa kwenye kijishimo kama cha mbwa, kaamua afe. Anayemjia mle ndani ni bibi yake Clara, marehemu, anamwambia ajitahidi kubaki hai na kumshauri aandike kichwani kila kinachotokea. Mzuka ndiye faraja. Wa kuogopwa ni walio hai wenye magwanda. Sasa weka radi hapo uone utakavyoharibu.

Kuna nyumba zinazokaa kote kuwili, nakubali, na hapo ndipo ninyi mnaopenda kukifungia kila kitabu kwenye kabati moja mnakwama. Toni Morrison, Beloved, 1987. Nyumba namba 124 pale Cincinnati ina mzuka wa mtoto mchanga aliyeuawa: vioo vinapasuka, viganja viwili vya mtoto vinajichora kwenye keki, watoto wa kiume wanatoroka. Kigothi hicho. Lakini Sethe, mama wa nyumba hiyo, anapopendekeza wahame, mama mkwe wake anamjibu kwamba haina maana, hakuna nyumba nchini isiyojaa huzuni ya mtu mweusi aliyekufa. Mzuka ni jambo la kila kaya, kama deni. Swali la "ni kweli au ni kichwa changu" halina nafasi mle, maana kisu kilikuwa cha kweli; Morrison alianzia kwenye kisa cha Margaret Garner, mtumwa mtoro aliyemuua bintiye kwa kisu mwaka 1856 ili asirudishwe utumwani.

Na ninyi wa upande mwingine msicheke. Mkiona jina la Amerika ya Kilatini au la Kiafrika jaladani mnabandika "uhalisia mazingaombwe" kabla ya kufungua. Carlos Fuentes ni wa Mexico, lakini Aura yake ya 1962 ni nyumba yenye giza katikati ya jiji, mjane mkongwe, binti wa macho ya kijani, na kijana anayepoteza mahali anapoishia yeye na kuanza mwingine. Hicho ni kigothi. Said Ahmed Mohamed naye, babu wa mhusika mkuu, K, anafufuka kwenye Babu Alipofufuka (2001), na mnaosema ni "ya kutisha" sijui mlisoma ukurasa upi.

Hadithi yangu nimeipeleka kwingine, bibi bado anakuna nazi. Mwenye kupinga kuhusu Aura au 124 aje na kifungu chenyewe. Povu ruksa.