Tupeane uzoefu: Mliokaa Ireland, mmeyaonaje mapenzi ya wenyeji kwa klabu za Uingereza?

Mleta mada

Ndugu wanachama, salaam. Uzi huu ni kwa wenzetu wanaosoma, wanaofanya kazi au wanaolea watoto Ireland, watueleze walichokiona wenyewe kuhusu jambo linalomshangaza mpenda soka yeyote anayefika kule. Nchi ile ina ligi yake tangu mwaka 1921, viwanja vyake vipo katikati ya makazi ya watu na kiingilio chake ni nafuu, lakini ukimuuliza mtu wa Dublin timu yake ni ipi, yamkini atakujibu Liverpool, Manchester United au Arsenal, na asipotaja ya Uingereza atataja Celtic ya Uskoti.

Ninaomba tusianze kwa kuwaita wasaliti, maana wengi wetu humu tunakesha kwa ajili ya klabu hizo hizo. Tofauti ninayoiona ni kwamba shabiki wa Dar es Salaam ana Arsenal yake na ana Simba au Yanga yake, na siku ya dabi ya Kariakoo hiyo Arsenal huwekwa pembeni bila mjadala. Kule wapo watu wengi ambao timu ya nyumbani hawana kabisa.

Mimi niliyesoma Dublin naamini chanzo ni vijana wao wenyewe. Liam Whelan, mtoto wa mtaa wa Cabra, alikufa pamoja na wenzake wa Manchester United katika ajali ya ndege ya Munich mwaka 1958, na zipo familia zilizoichukua klabu ile kuwa ya kwao kwa sababu zilishiriki msiba wake. Katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1979, Arsenal ilipoifunga Manchester United 3–2, kikosini walikuwamo Liam Brady, David O'Leary na Frank Stapleton, wote waliokulia Dublin, na golini alisimama Pat Jennings wa Newry. Mtu wa Dublin aliyeishangilia Arsenal siku ile alikuwa anawashangilia watoto wa mtaani kwake. Ninachotaka kukijua ni kwa nini mapenzi hayo yameendelea ilhali leo Wairishi katika vikosi vya klabu kubwa ni wa kutafuta kwa tochi.

Mchangiaji wa Phibsborough, Dublin

Ninakaa karibu na Dalymount Park, uwanja wa Bohemian FC, klabu iliyoanzishwa mwaka 1890 na ambayo mpaka leo inamilikiwa na wanachama wake. Ijumaa jioni taa zikiwashwa huonekana juu ya mapaa ya nyumba, watu hupita vichochoroni kuelekea getini, na harufu ya chipsi zilizonyunyiziwa siki hukufikia kabla hujauona uwanja wenyewe.

Nina mwenzangu kazini anayekaa mtaa wa pili kutoka hapo. Hajaingia Dalymount tangu utotoni, ila kila msimu hupanda ndege ya alfajiri kwenda Liverpool na kurudi usiku uleule. Niliwahi kusafiri naye Jumamosi moja nikiwa na shughuli zangu upande huo. Foleni ya ukaguzi pale uwanja wa ndege ilikuwa imejaa skafu nyekundu, mababa na watoto wao, na mzee mmoja mwenye fimbo akibishana na mjukuu wake kuhusu nani aanze beki ya kushoto. Nilipomuuliza mwenzangu sababu ya gharama zote zile, alinijibu kwa utulivu kwamba Liverpool alirithi kwa baba yake, aliyekuwa akivuka kwa meli, na kwamba Bohemian hakurithishwa na mtu. Huwezi kubishana na jibu la namna hiyo. Wengine watakutajia televisheni, na ni kweli kwamba matangazo ya Uingereza yalinaswa katika pwani ya mashariki ya Ireland miaka mingi kabla ya setelaiti, lakini televisheni ilikuta nyumba ambazo tayari zilikuwa na ndugu Liverpool, Manchester na London.

Mchangiaji wa Cork

Naunga mkono suala la urithi, ila naongeza jambo ambalo wageni huwa hatulioni mapema. Wanaodai kwamba mtu wa Cork anayeshabikia Manchester United hana uzalendo hawajawahi kumwona siku timu ya mkoa inapocheza hurling, mchezo wa jadi wa fimbo na mpira. Baba mwenye nyumba yangu ana picha ya Roy Keane na ya Denis Irwin sebuleni, wachezaji wa zamani wa United na wote wazaliwa wa huku, na anaweza kukusimulia jinsi Keane alivyotoka Cobh Ramblers kwenda Nottingham Forest mwaka 1990. Hata hivyo machozi nimemwona akiyatoa kwa ajili ya jezi nyekundu ya Cork tu. Mapenzi ya kijiji, parokia na mkoa yamekwisha kuchukuliwa na michezo ya Kigaeli, ambayo chama chake kiliwakataza wanachama kucheza au kutazama soka mpaka mwaka 1971. Soka likabaki kuwa mchezo wa mijini, na wengi wa waliolipenda wakatazama ng'ambo ya bahari.

Hoja ya kwamba mechi zinagongana niiondoe kabisa. Tangu mwaka 2003 ligi inachezwa kuanzia mwishoni mwa baridi hadi vuli, na mechi nyingi ni Ijumaa usiku. Mtu anaweza kwenda Turner's Cross kuitazama Cork City Ijumaa na kuitazama United yake Jumamosi bila kukosa dakika hata moja. Asiyekwenda ameamua.

Mchangiaji wa Tallaght, Dublin

Mkuu wa Cork ameeleza vizuri, lakini naona tunawatetea mno mashabiki na kuwasahau viongozi wa soka. Shamrock Rovers, klabu kubwa kuliko zote kwa mataji, ilipoteza uwanja wake wa Milltown wamiliki wake wenyewe walipouuza mwaka 1987, zikajengwa nyumba, nayo ikahangaika kwa kupanga viwanja vya wengine mpaka ilipohamia hapa Tallaght mwaka 2009. Miaka 22 bila kwao! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikua akawa mtu mzima klabu ikiwa haina mlango wa kumpeleka. Kisha mwaka 2010 uwanja mpya wa taifa ukafunguliwa kwa soka kwa mechi ambayo kikosi cha wachezaji wa ligi ya nyumbani kilifungwa 7–1 na Manchester United. Sijui ni nani aliyeona kwamba hilo ni tangazo zuri la ligi.

Nina hadithi moja lakini. Desemba 2024 Rovers walicheza na Chelsea pale Stamford Bridge katika Ligi ya Conference, mashindano ya klabu za Ulaya, nasi tukatazama kwenye baa, pamoja na jamaa mmoja wa hapahapa Tallaght ambaye ameishabikia Chelsea maisha yake yote. Alikuja na jezi yake ya bluu, akataniwa, akacheka. Chelsea walipata la kwanza, akapiga makofi kwa adabu. Dakika chache baadaye Markus Poom wa Rovers akasawazisha, na yule jamaa akawa wa kwanza kuruka kutoka kitini, mikono juu, kabla hajakumbuka kwamba timu yake ndiyo iliyofungwa. Chelsea walishinda 5–1, na baa nzima ilimtania mpaka wakati wa kufunga. Tangu hapo nimemwona uwanjani si mara moja, ingawa Chelsea hajaiacha na wala hatarajii kuiacha.

Mchangiaji wa Derry

Huku mambo ni tofauti kidogo. Mji wetu uko Ireland ya Kaskazini, chini ya Uingereza, lakini Derry City inacheza katika ligi ya Jamhuri ya Ireland tangu mwaka 1985, baada ya kujitoa katika ligi ya Kaskazini mwaka 1972 kwa sababu machafuko yaliifanya isiruhusiwe kucheza nyumbani Brandywell. Miaka ile yote mji ulikaa bila soka la ngazi ya juu. Mwaka 1989 wakachukua mataji yote matatu ya nyumbani. Wazee wa hapa wana Liverpool, wana United, wana Celtic kwa wingi, ila hizo zinatajwa baada ya Derry. Aliyewahi kunyang'anywa timu haulizwi kwa nini anaipenda.

Mleta mada

Asanteni. Niongeze suala la usajili, kwa sababu linagusa swali langu la mwanzo. Zamani mtoto mwenye kipaji aliondoka akiwa na miaka 15 au 16, na waliochelewa waliuzwa kwa bei ya kutupa: Everton ilimchukua Séamus Coleman kutoka Sligo Rovers mwaka 2009 kwa pauni 60,000, akaja kuwa nahodha wao. Baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2021 klabu za kule kwa kawaida haziwezi kusajili kijana wa Kiairishi aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo vipaji vinaonekana kwanza nyumbani. Mason Melia alikuwa akiifungia St Patrick's Athletic kila wiki wakati Tottenham imekwisha kumnunua kwa ada iliyoweka rekodi ya ligi ya Ireland.

Na watu wameanza kuja. Fainali ya Kombe la FAI, yaani la chama cha soka cha Ireland, ya mwaka 2023 ilikuwa na watazamaji 43,881, na Februari 2025 mechi ya ligi kati ya Bohemian na Shamrock Rovers ilihudhuriwa na watu 33,208. Kwa mtazamo wangu, sababu ya zamani ya kutazama ng'ambo imehamia nyumbani, ila mazoea yamebaki kule. Kuna mwenye mtoto anayekulia katika hali hii?

Mchangiaji wa Galway

Ninaye, ana miaka 11. Darasani kwao kila mtoto ana jezi ya Uingereza, naye alinidai ya Manchester City kwa sababu rafiki yake anayo, nilimnunulia. Mwaka jana kocha wa timu yao ya watoto aliwapeleka kuitazama Galway United, na baada ya mechi wachezaji wakasimama kwenye uzio kusaini jezi. Wangu alikuwa amevaa ya City. Beki mmoja aliitazama, akamuuliza kama Haaland atakuwepo Ijumaa ijayo, kisha akaisaini. Hataki ifuliwe.

Uwanja wenyewe unaitwa Eamonn Deacy Park, kwa jina la mtu wa Galway aliyekuwa katika kikosi cha Aston Villa kilichochukua ubingwa wa Uingereza mwaka 1981, kisha akarudi kuishi na kucheza hapa nyumbani. Mwanangu amekwisha kuniuliza Aston Villa ni timu ya wapi. Mwenye kupita Galway msimu ukianza aniandikie, tutakwenda pamoja. Njooni na makoti, kwa sababu upande tunaokaa sisi mvua huwa inatupata.