Naomba ushauri: akina Tucker wa Devon kabla ya 1837

Habari zenu ndugu. Mume wangu ni Mwingereza wa ukoo wa Tucker, na watoto wanatamani sana kujua asili yao. Jina ni la kazi: fundi wa kukanyaga kitambaa cha sufu majini kikaze. Kaskazini fundi huyohuyo aliitwa Walker, kusini mashariki Fuller. Tucker ni la kusini magharibi, ndiyo maana akina Tucker wamejaa Devon, jimbo la huko.

Nimefuata vyeti hadi 1837, uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulipoanza. Sensa ya 1851 imenipa parokia, lakini daftari la ubatizo lina akina John Tucker kadhaa wa rika moja! Wasia nyingi za Devon ziliungua mji wa Exeter, huko huko Devon, ulipopigwa mabomu 1942.

Hao akina John nitawatenganishaje? Na nakala za ubatizo zilizopelekwa kwa askofu, kuna aliyezitumia zikamsaidia?