Kuhiji Yerusalemu na mama mwenye magoti mabovu

Wakuu, nataka kumpeleka bimkubwa kuhiji Yerusalemu na Bethlehemu, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, ataweza kweli?

> Ataweza ila polepole. Kanisa la Kuzaliwa Yesu mlango wake mfupi, kama mita 1.2 hivi, lazima ainame, halafu kushuka pangoni kwenye ile nyota ya fedha yenye ncha 14 inayoonyesha mahali anapoaminika kuzaliwa Yesu ni ngazi za mawe zimelika zinateleza, mshike mkono.

> Golgotha nako, ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu kule Yerusalemu, ngazi zimesimama hasa, ila kaburi la Yesu lenyewe liko chini. Na pasi za kusafiria msiache hotelini, mkitoka Bethlehemu kurudi Yerusalemu kuna ukaguzi wa wanajeshi.

Asanteni. Avae raba au sandozi?

> Raba mkuu, sandozi atazihitaji Bahari ya Chumvi, kule ufukweni chumvi imeganda inakata miguu balaa