Cheti cha malipo kimekwama, vibarua wamegoma: niweke nyumba rehani nimalizie kazi?

Mjenzi Mdogo: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi sina. Nina kazi ya jengo la ghorofa moja, tumefika nguzo za juu. Cheti cha tatu, yaani hati ya kuthibitisha kazi iliyofanyika ilipwe, msimamizi ameshasaini, lakini miezi inapita pesa haziingii. Muuza saruji ameninyima mkopo, vibarua wanakaa getini tangu asubuhi hawagusi koleo. Nondo za nguzo zimesimama wazi zinashika kutu. Saruji iliyobaki stoo imeanza kuganda, ukibonyeza mfuko unasikia mabonge. Benki wako tayari kunikopesha kwa hati ya nyumba. Nikope nimalizie, au niondoke saiti?

Nondo Wima: Nyumba usiiguse, kaka. Mimi niliweka shamba kwa ajili ya barabara ya changarawe. Mkataba ulikuwa wa bei isiyobadilika, dizeli ikapanda katikati ya kazi, hasara yote ikawa yangu. Nusu ya pili ya fedha za zuio, zile zinazokatwa kwenye malipo hadi kazi ithibitike, sijaiona hadi leo.

Mkadiriaji: Mkataba wenu ni wa aina gani? Kama ni FIDIC, mkataba wa kimataifa wa ujenzi, Kitabu Chekundu cha 1999, mwajiri, yaani mwenye jengo, ana siku 56 za kulipa tangu msimamizi apokee madai yako. Zikipita bila kulipa, kifungu 14.8 kinakupa riba, na 16.1 kinakuruhusu kusimamisha kazi baada ya notisi ya siku 21. Ukiondoka kimyakimya, mvunja mkataba ni wewe, na dhamana ya utendaji, ile iliyowekwa kuhakikisha kazi inamalizika, inaweza kuchukuliwa. Notisi umeandika?

Mjenzi Mdogo: Bado. Suala la barua lina kona kidogo.

Mama Ramani: Vijana mnashusha bei chini ya gharama ili mshinde zabuni, halafu mnategemea malipo ya awali yawabebe hadi mwisho. Pesa ya saiti hii inalipa madeni ya saiti ile. Hapo hata mwajiri angelipa kwa wakati mngekwama.

Mkadiriaji: Dada, hilo tutalirudia. Mjenzi, kona gani? Mkataba una jina la nani?

Mjenzi Mdogo: Sawa. Jina si langu. Daraja langu la usajili haliruhusu kazi ya ukubwa huu, nikatumia kampuni ya jamaa kwa asilimia. Malipo yanapitia akaunti yake. Lakini nisikilizeni: zabuni inadai uzoefu, na uzoefu huupati bila zabuni. Mashine zangu, mafundi wangu, dhamana nimeigharamia mimi. Na hati ya nyumba iko benki tayari, imebaki saini ya mke wangu tu.

Kipimo Sahihi: Huu uzi umetungwa. Benki gani inamkopesha mtu asiye na mkataba?

Nondo Wima: Inakopesha nyumba, mkuu. Mkataba hawana shida nao.

Kipimo Sahihi: Na cheti cha tatu kinalingana vipi na nguzo za juu? Kila uzi humu siku hizi una mke na hati ya nyumba.

Mjenzi Mdogo: Cheti cha kwanza msingi, cha pili nguzo za chini na mihimili, cha tatu zege la sakafu ya juu pamoja na nondo zilizofika saiti. Ningetunga ningejipa mkataba wenye jina langu.

Mama Ramani: Mwacheni. Mjenzi, nani kakwambia mwajiri hajalipa?

Mjenzi Mdogo: Jamaa.

Mama Ramani: Karatasi umeiona?

Mjenzi Mdogo: Hapana. Ni mtu ninayemwamini, tumetoka mbali.

Mkadiriaji: Basi sahau siku 56 kwanza. Mwombe taarifa ya akaunti, na muulize msimamizi cheti kimefikia wapi kwa mwajiri. Kama pesa zilishatoka, mkopo wako utalipa zege ambalo tayari limelipiwa. Mliyokubaliana yaandikwe, na wakati mwingine ingieni ubia uliosajiliwa, akaunti ya saini mbili.

Mjenzi Mdogo: Kesho asubuhi nipo kwa msimamizi. Ila benki wananisubiri mchana, nikichelewa watafunga faili.

Nondo Wima: Wafunge. Mpe shemeji simu asome huu uzi kabla hajashika kalamu.